Kaihoro: Jina la Mji na Historia ya Walaji katika Filamu ya Bad Taste

Imezoeleka kusemwa kwamba filamu iitwayo Bad Taste, iliyokamilishwa nchini Nyuzilandi mwaka 1987, ni mchezo wa vijana waliokuwa na kamera moja, rangi nyekundu tele, na Jumapili zisizokuwa na shughuli. Kauli hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba humfanya msomaji adhani hapana la kutazamwa humo zaidi ya kichekesho. Hata hivyo filamu hiyo ina jina moja la mahali ambalo, likichunguzwa kwa jicho la mwanaisimu na kisha kwa jicho la mwanahistoria, hufungua mlango ambao yamkini watengenezaji wenyewe hawakukusudia kuufungua. Jina hilo ni Kaihoro.

Kaihoro ni mji mdogo wa kubuniwa, ulio kando ya bahari. Filamu inapoanza, wakazi wake wote wamekwisha kutoweka. Serikali inawapeleka huko watumishi wa idara moja ya siri inayoshughulikia mambo ya anga, nao wanagundua kuwa mji umeingiliwa na viumbe wa sayari nyingine waliojivika maumbile ya wanaume wa kawaida, wenye mashati ya buluu na suruali za jinzi. Viumbe hao hawakuja kuitawala dunia, wala kutafuta maji, wala kuwaonya wanadamu juu ya silaha zao, kama ilivyokuwa desturi katika filamu nyingi za uvamizi tangu miaka ya 1950. Wamekuja kibiashara. Mkuu wao, Lord Crumb, ni mwenye kampuni ya vyakula vya haraka inayouza bidhaa zake katika sayari nyingi, na nyama ya binadamu ndiyo bidhaa mpya anayotaka kuipeleka sokoni. Watu wa Kaihoro wamo ndani ya makatoni, wamekatwa na kufungwa tayari kwa safari. Kijana mmoja aitwaye Giles, mkusanyaji wa michango ya hisani, anaingia mjini bila habari, anakamatwa, na kutiwa katika chombo kikubwa chenye maji na viungo ili akolee kabla ya kuliwa. Yanayofuata ni mapigano, matapishi na damu kwa wingi usio wa kawaida. Mwishowe nyumba waliyokaa wavamizi inang'oka ardhini na kupaa kama chombo cha anga, huku mmoja wa watumishi wa serikali akiwa ndani yake na msumeno wa mota mkononi.

Mtazamaji asiyejua Kimaori hulipokea jina la mji huo kama pambo tu la mahali. Anayejua Kimaori huambiwa hadithi yote kabla haijaanza. Neno kai lina maana ya chakula na pia ya kula. Horo, miongoni mwa maana zake, ni upesi. Kaihoro basi yaweza kusomwa kuwa ni 'chakula cha haraka', na papo hapo ni neno la zamani katika lugha hiyo lenye maana ya kula kwa pupa, au mtu mlafi. Haiishii hapo. Kimaori kina kiambishi kai- kinachowekwa mbele ya kitenzi ili kuunda jina la mtendaji, sawa na kazi inayofanywa na m- pamoja na -ji katika Kiswahili: kaiako ni mwalimu, kaimahi ni mfanyakazi. Horo nayo, ikiwa kitenzi, yaweza kuwa ni kumeza, au kuporomoka kama udongo wa mlimani, na pia hutumiwa kwa ngome iliyoanguka mikononi mwa adui. Kwa hiyo ndani ya silabi nne mna mlaji, mmezaji, mlo wa haraka, na mji uliotekwa. Ya kwamba jina la Lord Crumb katika Kiingereza ni chembe ya mkate uliovunjikavunjika, na kwamba horo ni kuvunjika na kumomonyoka, huenda ikawa ni sadfa. Yafaa kutajwa tu bila kuijengea nadharia.

Utani huu umejificha vizuri kwa sababu umbo la jina halina ajabu yoyote. Ramani ya Nyuzilandi imejaa majina ya namna hiyo. Mji wa Kaikōura, mathalan, umepata jina lake kutokana na kula kamba wa baharini. Mtu wa nchi hiyo hashtuki asikiapo jina la mji lenye kula ndani yake, kama vile mtu wa Mombasa asivyoshtuka asikiapo Mlaleo. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuuita mji huo Mlapupa, akapata sehemu ya maana na sehemu ya sauti, ingawa angepoteza ile ngome iliyoanguka. Hapa pana jambo la kuangaliwa na wale wanaoshughulika na tafsiri ya sinema: majina ya mahali aghalabu huachwa kama yalivyo kwa kudhaniwa kuwa hayana maana, na katika filamu hii kuliacha jina ni kuutupa mzaha wake ulio bora kuliko yote.

Hali ya Kimaori wakati huo yapasa kukumbukwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamaori wengi walihamia mijini, na lugha yao, ambayo kizazi kimoja kabla yake watoto walikuwa wakiadhibiwa kwa kuisema shuleni, ikaanza kufifia hata majumbani. Mwaka 1972 ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 lilifikishwa bungeni kudai lugha hiyo ifundishwe shuleni. Mwaka 1982 ulianzishwa mpango wa kōhanga reo, yaani 'kiota cha lugha', ambamo watoto wachanga walilelewa kwa Kimaori pekee na wazee waliokuwa bado wakikijua. Cha kwanza kilifunguliwa Wainuiomata, karibu na Wellington. Mwaka 1986 Baraza la Waitangi, lililoundwa mwaka 1975 kusikiliza malalamiko ya Wamaori dhidi ya serikali, liliamua kuwa lugha ni hazina ambayo serikali ilikuwa imeahidi kuilinda katika Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840. Mwaka 1987 bunge likapitisha sheria iliyokifanya Kimaori kuwa lugha rasmi. Ni mwaka uleule ambao Kaihoro, mji usio na mtu wala msemaji, ulifikishwa kwenye skrini.

Ajabu hii haikupangwa na mtu. Peter Jackson, mwongozaji wa filamu, alizaliwa mwaka 1961 kwa wazazi waliohamia kutoka Uingereza, akakulia Pukerua Bay, kijiji cha pwani kaskazini ya Wellington. Aliacha shule mapema na kuajiriwa na gazeti la Evening Post la mji huo, akijifunza ufundi wa kutayarisha bamba za picha za kuchapia. Hakuwa amesomea sinema popote. Mwaka 1983 alianza kupiga filamu fupi pamoja na rafiki zake, aliyodhani itachukua muda wa dakika kumi au ishirini. Waliipiga Jumapili kwa Jumapili, kwa sababu siku nyingine walikuwa kazini. Kamera yake ilikuwa Bolex ya mkanda wa milimita 16, ya kutiwa nguvu kwa kuzungusha mkono, ambayo haiwezi kuendelea kwa zaidi ya nusu dakika hivi kabla ya kusimama. Haikunasa sauti. Kila neno, kila mlio wa risasi na kila kelele za kula viliongezwa baadaye.

Mtu aliyezoea sinema kubwa hawezi kuelewa filamu hii asipoufikiria umaskini huo kwa makini, maana ndio ulioipa umbo lake. Barakoa za viumbe zilitengenezwa kwa povu la mpira na kuokwa katika joko la jikoni la mama yake Jackson. Bunduki zilikuwa za bandia, zilizoundwa nyumbani. Waigizaji walipoadimika, Jackson mwenyewe aliigiza watu wawili: Derek, mtumishi wa serikali mwenye kichaa kidogo, na Robert, kiumbe mvamizi mwenye ndevu. Katika mojawapo ya maonyesho yanayojulikana sana, Derek anamning'iniza Robert kwenye ukingo wa genge la bahari na kumtesa ili amwambie siri. Mtu mmoja anamtesa mtu yuleyule, nusu ya picha zikiwa zimepigwa akiwa na ndevu na nusu akiwa amezinyoa. Craig Smith, aliyeigiza Giles, alipojitenga na kazi hiyo kwa muda, ilibidi hadithi ipindishwe na wahusika wengine wakuzwe; aliporudi ikapindishwa tena. Ndiyo sababu filamu haina mpango ulionyooka. Inakwenda kama ngano inayosimuliwa na mtu ambaye wasikilizaji wake huingia na kutoka.

Nyuzilandi yenyewe ilikuwa changa katika sanaa hii. Sleeping Dogs ya Roger Donaldson, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa sinema mpya ya nchi hiyo, ilitoka mwaka 1977, na Tume ya Filamu iliundwa mwaka 1978. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafanyabiashara waliwekeza katika filamu ili kupunguza kodi. Mwanya huo ulipozibwa, fedha zikapungua. Jackson alilipia kazi yake kwa mshahara wa gazetini kwa miaka kadhaa. Hatimaye Jim Booth, mkurugenzi mtendaji wa Tume, aliitazama mikanda iliyokuwa tayari na kukubali kutoa fedha kidogo kidogo za kuimalizia, jambo ambalo halikuwa jepesi kwa mtumishi wa umma, ikizingatiwa kwamba fedha za serikali zilikuwa zikinunulia ubongo wa bandia na matapishi ya kijani. Booth baadaye aliacha kazi Tumeni akawa mtayarishaji wa filamu za Jackson hadi alipofariki mwaka 1994. Filamu ilipelekwa katika soko la Cannes, Ufaransa, nako ikapata wanunuzi wa nchi nyingi.

Lakini jambo lenye uzito zaidi katika filamu hii ni nyumba.

Nyumba ya wavamizi, ile inayoruka mwishoni, ni nyumba ya kweli. Iko Porirua, mji ulio kilomita chache kusini ya Pukerua Bay, na ilijengwa katika miaka ya 1880 na James Gear. Gear alikuwa muuza nyama aliyetajirika, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya kuhifadhi na kugandisha nyama iliyokuwa na kiwanda chake Petone, upande wa pili wa Wellington. Biashara hiyo ndiyo iliyoijenga Nyuzilandi ya walowezi. Mnamo Februari 1882 jahazi la Dunedin liliondoka Port Chalmers likiwa na mizoga ya kondoo ipatayo 5,000 iliyogandishwa kwa mtambo, likafika London mwezi Mei. Tangu hapo nchi nzima iligeuka kuwa shamba la meza ya Mwingereza. Misitu ilikatwa, ardhi ikapandwa majani, bandari zikajengwa kwa ajili ya meli za barafu. Kufikia mwaka 1982, miaka 100 baada ya safari ile, kulikuwa na kondoo zaidi ya milioni 70 katika nchi yenye watu milioni 3 na ushei.

Ulaji huo ulikuwa umeanza kupata msukosuko. Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, na mnunuzi aliyekuwa akihesabiwa kama mzazi akaonekana kuwa ni mnunuzi tu. Kiwanda cha Gear cha Petone kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1984 ikaondoa ruzuku za wakulima. Vijana waliokuwa wakikusanyika Jumapili na kamera yao walikuwa wameishi miaka yao yote ndani ya uchumi wa makatoni ya nyama, na sasa waliuona ukiporomoka. Ndipo katika nyumba ya mfanyabiashara wa nyama wakaweka mfanyabiashara wa nyama mwingine, wakamjazia vyumba vyake makatoni, na ndani ya makatoni wakawatia wao wenyewe, wananchi. Sio lazima kudhani kwamba waliichagua nyumba hiyo kwa sababu ya historia yake. Yaelekea waliichagua kwa kuwa ilikuwa kubwa, ya kizamani, na ilikuwa karibu. Historia haihitaji idhini ya mwongozaji ili iwemo katika picha.

Porirua ina sifa nyingine. Mkahawa wa kwanza wa McDonald's katika Nyuzilandi yote ulifunguliwa katika mji huo mnamo Juni 1976. Jackson wakati huo alikuwa mvulana wa miaka 14, anaishi kituo kimoja cha treni baada ya kingine kutoka hapo. Kwa hiyo mvamizi mwenye kampuni ya vyakula vya haraka, mwenye matawi kila mahali na mwenye hofu ya washindani wake, hakutoka katika vitabu vya sayansi. Alikuwa jirani. Hapa ndipo jina la Kaihoro linapofikia ukamilifu wake: ni neno la Kimaori la kale lililokuwa likingojea jambo jipya la kulitaja.

Katikati ya mapigano ya mwisho pana tukio dogo ambalo watazamaji hucheka kuliko yote. Mmoja wa watumishi wa serikali anafyatua roketi kuelekea nyumbani. Roketi inapita dirishani, inakosa kila mtu, inatokea upande wa pili, na kumlipua kondoo aliyekuwa akila majani yake kwa amani. Kwa mtazamaji wa ng'ambo huo ni upuuzi mtupu. Kwa Mnyuzilandi wa miaka ya 1980, aliyekuwa akisikia kila siku redioni bei ya kondoo ikishuka, ni upuuzi wenye anwani.

Filamu za uvamizi zina nasaba ndefu, na kwa bahati nasaba hiyo inaanzia jirani na Nyuzilandi. H. G. Wells alipoandika The War of the Worlds, kitabu kilichotoka mwaka 1898, aliwataja katika sura ya kwanza watu wa Tasmania, walioangamizwa na Wazungu katika muda wa miaka 50 (wazao wao wapo hadi leo, jambo ambalo Wells hakulijua). Inafahamika pia kuwa wazo la kitabu lilimjia katika mazungumzo na ndugu yake kuhusu kisiwa hicho. Alichofanya Wells ni kuigeuza darubini: je, Mwingereza angejionaje lau angekuwa yeye Mtasmania? Filamu nyingi zilizofuata zilirithi mashine za Wells zikaliacha swali lake. Kwa maana hiyo ramsa ya Jackson, pamoja na ujinga wake wote wa kukusudia, imekaribia asili kuliko filamu nyingi za fedha nyingi. Inamrudisha mvamizi kuwa ni mtu wa biashara anayewaona wenyeji kama mali.

Lakini imekaribia tu. Wahusika wakuu wa Bad Taste wote ni Wazungu, na swali la nani aliyeupa mji huo jina lake haliulizwi. Pwani hiyo ilikuwa ya kabila la Ngāti Toa. Mnamo Julai 1846 askari wa Gavana George Grey walimkamata usiku mkuu wao mashuhuri, Te Rauparaha, mahali ambapo leo panaitwa Plimmerton, kilomita chache tu kutoka Pukerua Bay. Aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi mwaka 1848. Akiwa bado mahabusu, mnamo mwaka 1847, serikali ilinunua eneo kubwa la Porirua kutoka kwa jamaa zake. Serikali ya Nyuzilandi ilikiri ubaya wa kitendo hicho katika suluhu yake na Ngāti Toa, iliyothibitishwa kwa sheria mwaka 2014. Mji wenye jina la Kimaori, watu wake wametoweka, na nyumba kubwa ya mgeni ikiwa imesimama juu ya kilima: katika filamu hiyo ni njozi ya kutisha, na katika mahali palepale ilipopigwa ni habari zilizoandikwa katika hati za serikali. Kuwalaumu vijana wa Jumapili kwa kunyamaza kwao kungekuwa kuwavika joho lisilo lao. Mhakiki hana udhuru huo.

Linalozidi kuifanya kimya hiyo isikike ni suala la nani anayekula watu. Kwa karne moja na zaidi, waandishi wa Kizungu walimchora Mmaori kama mla watu. Kisa cha merikebu ya Boyd, ambayo watu wake waliuawa Whangaroa mwaka 1809 baada ya mtoto wa mkuu mmoja kupigwa mijeledi safarini, kilirudiwarudiwa Ulaya kwa ajili ya ule mlo uliofuata, wala si kwa ajili ya mijeledi. Katika Bad Taste mla watu ana shati la buluu na suruali ya jinzi. Ana ratiba ya usafirishaji. Anapima ladha kabla ya kuagiza zaidi. Picha ya zamani imepinduliwa, na imepinduliwa kwa kicheko, pasipo hotuba.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki watakumbuka mara moja habari za mumiani, na za wazimamoto, zilizovuma kutoka Mombasa hadi Kampala wakati wa ukoloni, pamoja na zile za batumbula huko Katanga. Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000, alionyesha kwamba uvumi huo wa watu wanaokamatwa na kutolewa damu haufai kutupwa kama ushirikina, kwa kuwa unasema jambo juu ya kazi, mishahara na utawala ambalo halikuwa na lugha nyingine ya kusemwa. Fununu hizo na filamu hii zina umbo moja: mgeni mwenye vifaa, mwili wa mwenyeji uliogeuzwa bidhaa, na soko la mbali lisiloonekana. Tofauti ni ya msimulizi. Mumiani alisimuliwa na waliotawaliwa, kwa hofu ya kweli. Lord Crumb alisimuliwa na wana wa walowezi, kwa mzaha, wakati ambapo soko la mbali lilikuwa limewageuka na wao.

Udhaifu wa filamu hauhitaji kutafutwa. Wanawake hawana nafasi ndani yake. Idara ya serikali imepewa jina ambalo kifupisho chake kwa Kiingereza ni kilekile cha ugonjwa wa UKIMWI, na wahusika wenyewe wanalifanyia mzaha. Utani huo ulikuwa mbaya mwaka 1987, na vifo vya miaka iliyofuata viliuozesha kabisa. Kichwa cha filamu kwa kiasi fulani kinajikinga na lawama za aina hii, kwani kwa Kiingereza maneno hayo mawili yana maana ya ladha isiyopendeza kinywani na pia ya kukosa ustaarabu wa kuchagua. Kiswahili hakina budi kutenganisha: ladha mbaya ni ya ulimi, na utovu wa adabu ni wa mtu. Neno kinyaa ndilo pekee linalokaribia kuzibeba zote mbili, maana chakula hutia kinyaa na mwenendo hutia kinyaa. Kadhalika Kiingereza hutumia neno moja kwa mgeni wa nchi nyingine na kwa kiumbe wa sayari nyingine. Kiswahili kikimwita wa pili mgeni kitakuwa kimemkaribisha chai. Ndiyo maana wafasiri hukimbilia viumbe.

Jackson aliendelea mbele hadi kwenye utatu wa The Lord of the Rings, uliotoka kati ya mwaka 2001 na 2003, akatunukiwa hadhi ya uungwana na serikali ya nchi yake mwaka 2010. Kwa habari ya uvamizi, kazi iliyo muhimu zaidi ni District 9 ya mwaka 2009, ambayo yeye alikuwa mtayarishaji na Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, ndiye mwongozaji. Humo viumbe wa anga si wafanyabiashara bali ni wakimbizi, wamesongamana katika vibanda vya mabati kando ya Johannesburg, na serikali inataka kuwahamisha kwa nguvu. Jina la filamu linaukumbusha mtaa wa District Six wa Cape Town, uliotangazwa kuwa wa Wazungu peke yao mwaka 1966. Sehemu kubwa ilipigwa Chiawelo, Soweto. Watu wengi waliisifu kwa kuuelekeza ukatili wa ubaguzi mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuuona. Lakini katika filamu hiyo wamo pia Wanijeria, genge la wahalifu, na mkuu wao huila nyama ya viumbe hao akiamini itampa nguvu zao. Septemba 2009 waziri wa habari wa Nijeria, Dora Akunyili, aliwataka wenye majumba ya sinema nchini mwake waache kuionyesha, na akadai kuombwa radhi. Wengi katika Ulaya na Marekani waliyachukulia malalamiko hayo kuwa ni wepesi wa kukasirika. Katika nyumba ya James Gear mlaji alikuwa ni kampuni yenye vitabu vya hesabu. Katika vibanda vya Chiawelo, miaka 22 baadaye, alikuwa amerudi kuwa Mwafrika mwenye mganga.